Kwa Nini Mashine ya Posho Hutaka Nyaya Tatu

Upelekapo debe lako la mahindi kusagwa hapa Ndalu, na mashine ikiwa ni ya umeme, kwa kawaida utaona nyaya tatu zikiingia katika mota. Taa ya nyumbani hutosheka na waya mmoja na wa kurudishia. Kwa nini mota itake tatu?

Jibu liko kule umeme unakotoka, katika mashine iitwayo altaneta. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikipitishwa karibu na koili ya waya wa shaba, umeme husukumwa ndani ya waya huo. Msukumo huo hupimwa kwa volti. Sumaku ikisimama, volti hakuna, sharti izungushwe. Kaskazini ya Kitale, kwenye korongo la Turkwel, kazi hiyo hufanywa na maji ya mto. Kituo hicho kilijengwa kati ya 1986 na 1991, nacho kina uwezo wa megawati 106.

Katika altaneta iliyo rahisi kabisa koili ni tatu, zimepangwa kuizunguka sumaku, kila moja theluthi ya duara mbali na mwenzake. Sumaku huipita ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Katika kila koili volti hupanda, hushuka, hugeukia upande wa pili, mara 50 kwa sekunde. Lakini hazipandi pamoja.

Watazame akina mama watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchi mmoja ukitua, wa pili u njiani, wa tatu u juu. Kinu hakipumziki. Ndivyo mota isukumwavyo bila kusita. Na kwa kuwa zamu hazilingani, kati ya nyaya mbili hupati 240 mara mbili, bali volti 415.

Sasa, mtwangaji mmoja akiondoka? Fyuzi moja ikiungua, mota iliyo katika mwendo haisimami mara moja. Hunguruma, hulegea, hupata moto. Msagaji asiyejua hudhani mahindi ni mabichi, naye huendelea kumimina. Muda si mrefu koili za mota huungua, na kuzisuka upya ni fedha nyingi.

Basi usikiapo mngurumo huo, zima swichi kuu papo hapo. Usiiwashe tena kwa kujaribu, wala usiguse nyaya, kwani mbili zilizobaki bado zina umeme. Mwite fundi mwenye leseni azipime zote tatu.