Watoto Walale Wapi? Mwongozo wa Kaya Kuhusu Ndugu Kulala Chumba Kimoja



Swali la watoto walale wapi huulizwa katika kila nyumba, iwe ya vyumba vinne au ya chumba na sebule. Wapo wanaoona kwamba mtoto asiye na chumba chake amepunjwa. Wapo pia wanaosema watoto ni watoto tu, walale popote, hata watano godoro moja. Kijitabu hiki kinashauri hivi: ndugu wadogo wanaweza kulala chumba kimoja bila madhara, mradi kila mmoja awe na mahali pake pa kulala ndani ya chandarua, hewa ipite, na mpango ubadilishwe kadiri wanavyokua. Nyumba ya kipato chochote inaweza kulifanya hili.

1. MSONGAMANO NI NINI?

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, huhesabu kuwa nyumba ina msongamano pale wanapoishi watu zaidi ya 3 kwa kila chumba. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilisisitiza kupunguza msongamano kwa sababu unaeneza kifua kikuu na maradhi mengine ya kuambukiza. Kwa hiyo kabla ya kuamua, hesabu watu, si watoto peke yao. Chumba chenye watoto wawili na binamu aliyekuja kusoma tayari kina watu watatu.

2. UMRI NDIO UNAOTANGULIA

Tangu kuzaliwa hadi miezi 6. Mtoto mchanga alale chumba cha wazazi. Hapo mama husikia akikohoa, na kumnyonyesha usiku huwa rahisi. Alazwe chali kwenye godoro lisilobonyea, bila mto na bila blanketi zito karibu na uso. Asilazwe godoro moja na kaka au dada yake. Mtoto wa miaka mitatu aliyelala fofofo hajui kwamba mkono wake umeziba pua ya mdogo wake, wala kwamba khanga aliyoivuta imemfunika usoni. Mama anayelala na mchanga wake amweke upande wake, si katikati ya ndugu. Aliyekunywa pombe au dawa za kuleta usingizi mzito asilale naye kitanda kimoja.

Mwaka 1 hadi 5. Wavulana na wasichana wa umri huu wanaweza kulala chumba kimoja. Mara nyingi hofu ya giza hupungua mtoto akisikia pumzi za nduguye. Kila mmoja apewe godoro lake dogo ikiwezekana. Wakilazimika kulala wawili kitanda kimoja, wasizidi wawili.

Miaka 6 hadi 9. Chumba kimoja bado kinafaa, lakini kila mtoto awe na kitanda au godoro lake. Huu ndio umri wa kufundisha kubisha hodi, kubadilishia nguo mahali pa faragha, na kuheshimu mwili wa mwenzake.

Miaka 10 na kuendelea. Watenganishe wavulana na wasichana. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya miaka 9 na 14, kwa hiyo usingoje dalili zionekane ndipo uanze kutafuta nafasi. Jambo hili si geni kwetu. Waislamu wamefundishwa kuwatenganisha watoto katika malazi wafikapo miaka 10. Wanyakyusa wa zamani waliwatoa wavulana wa umri kama huo katika nyumba ya baba, wakalale na wenzao wa rika katika makazi yao wenyewe.

3. MARADHI YANAYOPITA KITANDANI

Malaria. Mbu aina ya anofelesi, anayeeneza malaria, huuma zaidi usiku. Tazama watoto watatu waliobanana kwenye kitanda cha futi tatu na nusu: saa sita usiku, goti la aliyelala pembeni limeegemea chandarua, na mbu anaweza kumuuma kupitia matundu. Watoto wawili kwa chandarua kimoja chenye dawa ndicho kipimo kizuri. Anayelala mkekani naye anahitaji chake. Funga kamba kwenye misumari ya ukutani, kishushe, kisha kingo zake zichomekwe chini ya mkeka.

Upele. Vidudu vya upele hupita mwili kwa mwili, na watoto wanaolala wamegusana huambukizana upesi. Tazama katikati ya vidole, viganjani na kiunoni. Mtoto mmoja akipata, wote wa nyumba hiyo watibiwe siku moja, hata wasiojikuna, kwa sababu kwa anayeupata mara ya kwanza, kuwashwa huweza kuchelewa wiki 4 hadi 6. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kumtibu mmoja peke yake ni kupoteza dawa.

Kifua kikuu. Watoto wadogo huambukizwa zaidi na watu wazima wanaoishi nao. Mtu mzima anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi asilale chumba kimoja na watoto, na aende kupimwa makohozi mara moja. Akikutwa na kifua kikuu, watoto wa nyumba hiyo wapelekwe kuchunguzwa. Wenye umri chini ya miaka 5 wasio na ugonjwa hupewa dawa za kinga. Ugonjwa huu husambaa kwa hewa, hausambai kwa sahani wala kikombe, kwa hiyo fungua madirisha mchana kutwa.

Surua. Katika chumba kimoja surua huenea haraka mno. Kinga yake ni chanjo, ambayo nchini Tanzania hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Kagua kadi ya kila mtoto anayelala chumba hicho.

Kukojoa kitandani. Watoto wengi wa miaka 5 bado hukojoa usingizini, na hawafanyi makusudi. Kumchapa au kumwimbia “kikojozi” mbele ya ndugu zake kunaongeza hofu na hakumponyi. Mpe godoro lake, tandika nailoni chini ya shuka, mpeleke chooni kabla ya kulala, na wakataze wenzake kumcheka. Akiwa alishaacha kwa miezi 6 kisha ameanza tena, au anaumia akikojoa, au ana kiu isiyo ya kawaida, mpeleke kituo cha afya.

Kifafa. Mwenye kifafa asilale peke yake, na asilale juu ya kitanda cha deka. Ndugu mkubwa afundishwe kumgeuza ubavu na kumwita mtu mzima mara degedege linapoanza, bila kumtia kijiko wala kitu chochote mdomoni.

4. USINGIZI WA KUTOSHA

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 1 hadi 2 walale saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Wenye miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12.

Piga hesabu na saa ya shule. Mwanafunzi wa darasa la tatu anayeamka saa 11 alfajiri ili awahi gari anapaswa awe amelala kufikia saa 2 usiku. Hapo ndipo penye shida katika nyumba nyingi, kwa kuwa watoto hulala sebuleni na saa 2 usiku ndiyo saa ya taarifa ya habari. Kama watoto wako wanalala sebuleni, runinga ihamie chumba cha wazazi, au izimwe saa hiyo. Simu nazo zilale kwa mama.

Ndugu wa umri tofauti wasilazwe pamoja kwa wakati mmoja kwa lazima. Tanguliza mdogo. Mkubwa asomee mezani au barazani mpaka mdogo apitiwe na usingizi, ndipo aingie kimyakimya.

5. USALAMA

Mgeni asilazwe na watoto, hata akiwa mjomba, shangazi, binamu mkubwa au rafiki wa familia anayeheshimika. Wengi wanaowadhulumu watoto ni watu wanaowafahamu. Ukipata mgeni na nafasi ni ndogo, watoto wahamie chumba cha wazazi, mgeni abaki sebuleni. Anayependa watoto wako hatachukia utaratibu huu.

Mtoto akikataa ghafla kulala na mtu fulani, msikilize kwa utulivu na usimgombeze. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inampa haki ya kutoa maoni. Ukiwa na wasiwasi, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala hata usiku wa baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini. Kibatari na dawa ya mbu ya kuchoma visiwe karibu na chandarua. Kwenye deka, mtoto chini ya miaka 6 alale chini.

6. MFANO: CHUMBA NA SEBULE

Chukua familia inayopanga chumba na sebule huko Mbagala, yenye msichana wa miaka 11, mvulana wa miaka 8 na mchanga wa miezi 4. Mchanga analala chumbani kwa wazazi. Sebuleni, makochi yanasogezwa kila jioni. Msichana analala upande wa ukutani, nyuma ya pazia zito la kitenge lililopita kwenye waya kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mvulana analala upande wa mlango. Yapo magodoro mawili na vyandarua viwili. Asubuhi magodoro yanaanikwa, madirisha yanafunguliwa. Nguo zinabadilishiwa chumbani kwa wazazi, kwa zamu. Pazia halitatosha miaka yote, kwa hiyo wazazi hao waanze sasa kutafuta chumba cha tatu. Hadi watakapokipata, watoto wao wanalala salama.

7. KAGUA USIKU WA LEO

– Je, kila mtoto ana mahali pake pa kulala?
– Je, yupo anayelala nje ya chandarua?
– Je, mchanga yuko mbali na godoro la ndugu zake?
– Je, wavulana na wasichana wa miaka 10 na zaidi wametenganishwa?
– Je, yupo mtu mzima anayelala na watoto bila ulazima, au anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi?
– Je, hewa inapita?

Jibu la swali lolote likikutia shaka, anza na hilo leo, kisha rudia ukaguzi huu kila mwaka shule zinapofungwa. Usisubiri kujenga nyumba kubwa ndipo uwalaze watoto wako vizuri. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo mtaani kwako, waulize bila haya. Mtoto anayelala salama leo ndiye atakayeamka kesho na nguvu za kusoma, kucheza na kukua.