Giaboksi ya Otomatiki katika Gari la Dizeli Lililotumika: Mnunuzi Akague Nini Kabla ya Kulipa

Mkulima wa Kagerankanda anayeuza mahindi na maharage ili anunue gari huweka katika ununuzi huo akiba ya misimu kadhaa. Siku ya kulikagua, huangalia rangi, matairi na mlio wa injini. Giaboksi imefichika chini ya gari, nayo mara nyingi husahaulika. Hata hivyo, ikiharibika, gharama ya kuitengeneza yaweza kula sehemu kubwa ya bei ya gari lenyewe, na vipuri vyake huenda vikaagizwa kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000.

Katika somo hili tunaeleza aina za giaboksi za otomatiki zinazopatikana katika magari ya dizeli, na namna ya kuzikagua. Tunasisitiza jambo moja: uimara wa giaboksi hutegemea hali ya oili yake na joto ililolistahimili kuliko jina la gari au kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi.

Kwa nini dizeli ihitaji uangalifu

Injini ya dizeli hutoa nguvu kubwa ya kuzungusha hata ikiwa katika mizunguko michache. Nguvu hiyo hulipandisha gari lenye mzigo katika milima ya Kasulu na Kibondo, na yote hupitia kwenye giaboksi. Gari lililozoea kubeba kupita kiasi, au kuzungusha magurudumu kwenye tope kwa muda mrefu, huichemsha oili ya giaboksi. Oili iliyoungua haiwezi tena kulainisha wala kubana klachi za ndani sawasawa.

Aina nne za giaboksi

Ya kwanza ni giaboksi ya konveta. Injini na gia huunganishwa kwa nguvu ya oili inayozunguka ndani ya konveta, bila klachi ya kukanyaga. Aina hii ndiyo iliyozoeleka zaidi. Imo katika Toyota Land Cruiser Prado za dizeli, zile za miaka ya 1990 zikiwa na gia nne na nyingi za baadaye zikiwa na gia tano. Mazda CX-5 ya dizeli na Land Rover Discovery 3 nazo hutumia konveta, zote zikiwa na gia sita. Ikibadilishiwa oili kwa wakati, hustahimili mzigo na milima vizuri.

Ya pili ni giaboksi ya klachi mbili, kama DSG ya Volkswagen. Klachi moja hushika gia za witiri na nyingine za shufwa, hivyo gia hubadilika haraka sana. Zipo zenye klachi zinazofanya kazi ndani ya oili na zipo zenye klachi kavu. DSG ya gia sita yenye klachi za oili huhitaji oili mpya kila kilomita 60,000. Lori dogo la Fuso Canter lenye giaboksi iitwayo Duonic, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2010, nalo ni la klachi mbili. Kuitengeneza kwahitaji vifaa maalumu na kompyuta ya uchunguzi.

Ya tatu ni giaboksi ya kawaida ambayo klachi na gia zake huendeshwa na kompyuta. Mfano wake ni Smoother katika malori madogo ya Isuzu Elf. Dereva haoni pedeli ya klachi, lakini klachi ipo na huchakaa.

Ya nne ni CVT, ambayo badala ya gia ina mkanda wa chuma na puli mbili. Ni nadra katika magari ya dizeli, na haifai kwa kuvuta mizigo mizito.

Kabla ya kuchagua, mnunuzi amuulize fundi aliye karibu naye, Kasulu au Kibondo, kama amewahi kuifungua aina hiyo na kama anavyo vifaa vyake. Jibu la hapana ni sababu ya kutosha kutafuta gari jingine.

Oili "isiyobadilishwa"

Wauzaji wengine husema kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote. Tunamshauri mnunuzi asikubali kauli hiyo. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, iliyotengeneza giaboksi ya Discovery 3, yenyewe hushauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Aina ya oili nayo ni muhimu: Toyota hutumia Type T-IV katika baadhi ya giaboksi na WS katika nyingine, na hazibadilishani.

Hatua za ukaguzi

1. Fika injini ikiwa baridi. Ukikuta imekwisha kupashwa moto, omba kurudi siku nyingine.

2. Washa gari, kanyaga breki, kisha weka R na baadaye D. Gia ikichelewa kushika zaidi ya sekunde mbili, au ikishika kwa kishindo, ni dalili mbaya.

3. Endesha kwa nusu saa au zaidi, ukipanda mlima. Kasoro nyingi hujitokeza oili ikishapata moto. Mizunguko ya injini ikipanda ilhali mwendo hauongezeki, gia zinateleza.

4. Pima oili. Iliyo njema huwa angavu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni ya kuogopwa. Iliyofanana na maziwa imeingiwa na maji, mara nyingi kutoka kwenye rejeta. Kama giaboksi haina kijiti cha kupimia, fundi aifungulie chini.

5. Mwombe fundi asome kumbukumbu za hitilafu kwa kompyuta, hata kama hakuna taa inayowaka.

Baada ya kununua

Gari likikwama masika, usizungushe magurudumu kwa muda mrefu. Chimba na uweke majani au mawe. Usikubali livutwe umbali mrefu magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa kuwa injini ikizimwa pampu ya giaboksi haisukumi oili. Ukishuka mlima mrefu, tumia gia ndogo.

Maandishi na haki ya mnunuzi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Lakini maneno ya mdomo ni magumu kuthibitishwa. Kwa hiyo mkataba wa mauzo uandikwe aina ya giaboksi, kilomita zinazosomeka, tarehe ya mwisho ya kubadilisha oili, na kauli ya muuzaji kuhusu matengenezo yaliyowahi kufanyika. Risiti na mkataba vihifadhiwe. Muuzaji akikataa kuandika, au akikataa gari lijaribiwe mlimani, mnunuzi abaki na fedha zake.