Askari au Mpiga Yowe? Sitiari za Kinga ya Mwili na Maradhi ya Vumbi katika Machimbo ya Kahama

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu afya, kinga ya mwili imezoeleka kuelezwa kwa sitiari ya vita: seli nyeupe za damu ni askari, vijidudu ni adui. Sitiari hiyo yaifaa malaria. Haiifai silikosisi, maradhi ya mapafu yanayowatishia wachimbaji wa dhahabu wa Kahama na Geita, kwani hapo hapana kijidudu cha kuuawa.

Chanzo ni vumbi la mwamba wenye silika, litimkalo mchimbaji anapotoboa mwamba ndani ya duara au anaposaga mawe kwenye karasha. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015, kutoka machimbo madogo ya Tanzania, vilionyesha kuwa silika hewani wakati wa kutoboa chini ya ardhi ilizidi mara 300 kikomo kinachopendekezwa Marekani. Punje hizo zikifika pafuni humezwa na seli zilazo uchafu, lakini haziyeyuki. Hukipasua kifuko kilichozihifadhi. Tafiti za mwaka 2008 zilibainisha kuwa madhara hayo huiamsha protini iitwayo NLRP3. Protini hiyo huungana na nyingine kuunda inflamasomu, jina lililobuniwa na kundi la Jürg Tschopp nchini Uswisi mwaka 2002. Kwa njia hiyo kimeng'enya kaspasi-1 huikata interlukini-1 beta, nayo huita seli zaidi. Seli iliyomeza hufa, punje hubaki, seli nyingine huzimeza tena. Makovu huongezeka hata baada ya mchimbaji kuacha kazi.

NLRP3, basi, si askari bali mpiga yowe. Mfano wake u papo hapo Kahama: sungusungu, walioenea Shinyanga mapema miaka ya 1980, waliitana kwa filimbi na yowe, na mwizi akikamatwa kelele hukoma. Katika pafu lenye silika mwizi hakamatiki, na walioitikia wito ndio wanaobomoa nyumba.

Suala hili si la pambo la lugha. Mgonjwa aelezwaye kuwa askari wake wamedhoofika atatafuta dawa ya kuwatia nguvu, kisha arudi duarani, ilhali kinga yenyewe ni maji ya kutuliza vumbi. Neno "uvimbe" nalo lina hatari yake: likitumika kwa hali hii, msikilizaji hudhani saratani.

Hata hivyo sitiari ya askari haiwezi kutupwa kabisa. Silikosisi humweka mtu katika hatari kubwa ya kifua kikuu, na hapo bakteria yupo kweli.