Simu Haijui Ulipo: Somo kuhusu Mtandao na Usalama wa Ufuoni



Usiku mmoja simu ililia kituoni. Ilikuwa sauti ya mwanamume, upepo ukivuma nyuma yake: "Njooni upesi, wanabeba moteri!" Kisha kimya. Tulipiga tena, hakupatikana. Doria ilikuwa tayari, lakini hatukujua twende ufuo upi. Tulikisia Minago, wizi ulikuwa kwingine. Alfajiri mvuvi alifika kutoa taarifa kwamba mashine ya mtumbwi wake imekwenda. Aliyetupigia alitimiza wajibu wake. Mtandao ndio uliomwangusha, nasi hatukuwa tumemfundisha la kufanya. Somo hili ni deni letu kwake.

Kwa nini mtandao hukatika

Mawimbi ya simu husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Milima inayopanda mashariki ya barabara ya taifa namba 3 huyazuia. Ndiyo maana aliye bondeni hukosa mtandao ilhali jirani yake wa mlimani anazungumza vizuri. Ziwani tatizo ni umbali: mnara wa kawaida wa GSM hauhudumii simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35 hivi, hata anga likiwa jeupe. Tena mnara huhitaji umeme. Umeme ukikatika na akiba yake ikaisha, nao hunyamaza.

Mambo mawili yanayodhaniwa vibaya

La kwanza, wengi hudhani kwamba polisi akipokea simu huona papo hapo alipo mpigaji. Sivyo. Kinachojulikana kwa kawaida ni mnara uliopokea simu, na huku mnara mmoja huweza kuhudumia kilomita nyingi za vilima na maji. Hata taarifa hiyo iko kwa kampuni ya simu, na kuipata huchukua muda.

La pili, mtandao hauheshimu mpaka. Juu ya maji simu yako yaweza kunasa mnara wa Kongo, au, upande wa kusini, wa Tanzania. Hapo namba fupi ya dharura huenda ikaita nchi nyingine, au isiite kabisa. Kwa hiyo, hifadhi namba ya kituo chako kwa ukamilifu, ikianza na +257.

Tufanye nini?

1. Taja mahali kwanza. Sema "Ufuo wa Kizuka, kwenye mwalo," kisha jambo lenyewe, kisha watu. Simu ikikatika baada ya maneno matatu, maneno hayo yatatufikisha.

2. Sauti ikishindikana, tuma ujumbe mfupi. Huhitaji mtandao wa sekunde chache tu. Lakini usihesabu kwamba umefika mpaka ujibiwe.

3. Mvuvi, kabla ya kuingia ziwani, mwachie mtu wa nchi kavu habari ya unakokwenda na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, yeye atupigie mara moja, asingoje kukuche.

4. Kila nyumba kumi ijue ni wapi mtandao hunaswa, na iteue mtu wa kukimbilia hapo usiku. Ukikosekana kabisa, filimbi na mjumbe wa miguu havijapitwa na wakati.

5. Usimwazime mtu laini yako. Akiitumia kwa uhalifu, jina litakalosomwa kwanza ni lako.

Upande wetu, apokeaye simu anapaswa kurudia jina la mahali kwa sauti na kuliandika kabla ya kuuliza lolote. Asipofanya hivyo, tuambieni.

Ya kujadili kwenye mkutano wa kilima

Je, sehemu zipi za kilima chetu hazina mtandao? Nani atakimbia usiku? Nani ufuoni anajua saa ambayo kila mtumbwi utarudi?

Majibu yaandikwe, na nakala iletwe kituoni. Sisi tutaibandika karibu na simu.