Dereva wa Mkataba na Dereva wa Deiwaka: Namna Ajira Inavyogusa Afya

Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma ina urefu unaozidi kilomita 900, na malori mengi huendelea mbele hadi Zambia na Kongo. Madereva wake hufanya kazi ileile, lakini hawaajiriwi kwa namna moja. Kliniki inayowapima shinikizo la damu na sukari bila kuuliza wameajiriwaje huacha kando jambo linaloweza kuamua iwapo dawa itamezwa.

Makundi mawili

Dereva wa mkataba hulipwa mshahara wa mwezi, na mwajiri wake anapaswa kumchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Dereva wa deiwaka huchukuliwa kwa safari moja, ama na tajiri mwenyewe ama kupitia wakala, kisha husubiri kuitwa tena.

Mitazamo yao nayo hutofautiana. Deiwaka hujivunia uhuru: akichoshwa na tajiri mmoja, humhama. Lakini akikataa safari kwa sababu ya homa, huhofia kwamba hataitwa tena. Hivyo huficha ugonjwa. Dereva wa mkataba naye hubanwa. Pale ambapo sehemu kubwa ya kipato ni posho ya safari, kuugua ni hasara hata mshahara ukiwapo.

Athari kwa mwili

Foleni za mizani na mpakani, mlo usio na saa maalumu, kukaa kitini muda mrefu na usingizi wa vipande huwapata wote. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa wepesi wa kuitikia kwa kiasi kinachokaribia cha mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Asiye na uhakika wa safari ijayo ana kishawishi zaidi cha kuunganisha safari mbili bila kupumzika.

Sheria inasemaje?

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwasilisha cheti cha daktari. Mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hapati likizo ya malipo. Hata hivyo, aliyeajiriwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri yuleyule, na jumla ya muda ikazidi miezi sita, anaistahili. Kwa hiyo deiwaka atunze kumbukumbu ya kila safari: tarehe, namba ya gari na jina la aliyemlipa.

Kwa mtoa huduma

Muulize dereva: unalipwa kwa mwezi au kwa safari? Safari huchukua siku ngapi? Unakula saa ngapi? Kisha:

- Inapowezekana, chagua dawa ya kumezwa mara moja kwa siku, na umpe ya kutosha safari nzima na siku za foleni.
- Ukimwandikia dawa ya kuongeza mkojo, mpangie saa ya kuimeza. Vinginevyo ataiacha kimyakimya.
- Anayetumia glibenklamaidi au insulini aelezwe kuwa kuruka mlo huweza kushusha sukari akiwa kwenye usukani.
- Usimpe piritoni anayekwenda kuendesha, huleta usingizi.
- Anayehitaji mapumziko mwandikie cheti, hata kama ni deiwaka.

Kwa dereva

Dawa zisafiri nawe. Usiache kuzimeza kwa sababu unajisikia vizuri. Ukitokwa jasho, ukitetemeka au ukishikwa na njaa ya ghafla, simamisha gari mahali salama, kunywa soda yenye sukari, kisha ule. Kifua kikibana au upande mmoja wa mwili ukilegea, usiendelee na safari: mwite utingo au dereva mwenzako, nawe upelekwe hospitali iliyo karibu mara moja.