Gari la sh. milioni 10 hutoka bandarini kwa kiasi gani?

Mfanyabiashara anayeagiza gari dogo lililotumika kutoka Japani kwenda Tanzania mara nyingi hukosea hesabu mahali pamoja: hujumlisha asilimia. Ushuru wa forodha 25, ushuru wa bidhaa 5, VAT 18, jumla 48. Kwa gari la sh. milioni 10 hutenga sh. milioni 4.8 na kutuma fedha. Gari likifika Dar es Salaam hela hupelea, na siku za bure zikiisha, gharama za kulihifadhi bandarini huanza kula mtaji.

Kodi hizo hupandana. Kila moja hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kubeba ile iliyotangulia. Hesabu huanzia kwenye bei ya gari pamoja na bima na nauli hadi bandarini, ambayo mawakala huiita CIF. Tuseme ni sh. 10,000,000. Ushuru wa forodha, asilimia 25, ni sh. 2,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5 ya sh. 12,500,000, yaani sh. 625,000. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya sh. 13,125,000, nayo ni sh. 2,362,500. Jumla ni sh. 5,487,500. Yule wa asilimia 48 amepungukiwa na sh. 687,500 kabla hata ya kumlipa wakala wa forodha, tozo ya reli na usajili.

Injini nayo ina mtego wake. RAV4 ya cc 1,998 hubaki kwenye asilimia 5, lakini Harrier ya cc 2,362 huingia kwenye asilimia 10. Kwa CIF ileile, kodi hufika sh. 6,225,000.

Hata hivyo, umri ndio unaoumiza zaidi, na hapo ndipo wengi huvutwa na bei ya chini. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Nyongeza hiyo nayo huingia ndani ya VAT. Kwa mfano wetu wa kwanza, kodi hupanda hadi sh. 7,700,000 kwa gari la miaka 9, na sh. 9,912,500 kwa lililopita miaka 10. Hilo la mwisho mnunuzi amelinunua karibu mara mbili. Umri huhesabiwa tangu mwaka wa kutengenezwa, wakati hati za Japani huonyesha tarehe ya kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Gari lililokaa kwa muuzaji kabla ya kusajiliwa linaweza kuwa limezeeka zaidi ya karatasi zake.

Linabaki suala la bei yenyewe. Ankara ya muuzaji si neno la mwisho. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika, ambao mtu yeyote anaweza kuutumia kwa kuingiza aina, modeli, mwaka na injini. Kama mfumo unalithamini gari hilo lililozidi miaka 10 kwa sh. milioni 13, aliyelinunua kwa milioni 10 hutakiwa kulipa sh. 12,886,250, hata kama ankara yake ni ya kweli. Mnunuzi makini huanza na thamani ya mfumo, kisha ndipo hujadiliana na muuzaji.

Viwango vinaweza kubadilishwa na bajeti, ambayo huanza kutumika tarehe 1 Julai. Meli kutoka Japani huchukua wiki kadhaa njiani, kwa hiyo anayeagiza mwezi Mei afanye hesabu upya baada ya hotuba ya bajeti ya Juni, na aache akiba kwa ajili ya dola, kwa sababu thamani hubadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango cha forodha cha wakati huo, si kile alichonunulia dola benki.