Kahawa chungu na halua baada ya chakula cha usiku

Tunguu, Zanzibar, kwenye vyuo vikuu vya ZU na SUZA, wageni huja zaidi baada ya sala ya Isha. Kahawa chungu na halua vinatosha kuwakirimu, mradi kahawa isitiwe sukari. Utamu juu ya utamu huua ladha zote mbili. Uchungu ukibaki kwenye kikombe na utamu kwenye sahani, kila kimoja hukitokeza chenzake, na kidogo hutosheleza.

Kuchagua buni. Robusta ya Kagera ni chungu na nzito. Arabika ya Kilimanjaro ina harufu nzuri na uchachu kidogo. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo usiku ni afadhali arabika. Kaanga buni kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka ziwe za hudhurungi iliyokoza. Zikishakuwa nyeusi tii, utaonja masizi tu. Ziache zipoe, kisha uzitwange.

Kupika. Kwa lita moja ya maji, chemsha kwanza kipande cha tangawizi kilichopondwa pamoja na iliki tatu au nne. Tia vijiko vikubwa vitatu vya kahawa, ichemke kwa moto mdogo dakika tano, kisha epua na usubiri machicha yatuame. Mimina kwenye vikombe vidogo, visijae.

Kuonja. Sukutua kinywa kwa maji. Nusa kahawa kabla ya kunywa. Kula kipande cha halua kisichozidi ncha ya kidole gumba, ukiache kiyeyuke ulimini mpaka usikie samli, iliki, kungumanga na zafarani. Ndipo upige funda dogo la kahawa, ukivuta na hewa kidogo. Uchungu utakata mafuta ya samli, na harufu ya viungo itarudi puani. Tangulia na halua kila mara, kama wanavyofanya Waomani, ambao halua yetu imetoka kwao.

Kama halua haipo, kashata ya njugu inachukuana na robusta yenye tangawizi nyingi. Kashata ya nazi na tende zinapendeza zaidi na arabika yenye iliki.

Usivute sigara wakati wa kuonja. Moshi wa tumbaku hudhoofisha pua na ulimi, na huwadhuru hata walioketi karibu.

Tahadhari. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Aliyekunywa saa mbili usiku bado ana nusu yake saa saba. Mwenye usingizi mwepesi anywe kikombe kimoja mapema, au anywe kahawa mchana. Mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na chai nayo ihesabiwe. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12 vya chai, na halua ina sukari nyingi. Mwenye kisukari afuate ushauri wa daktari wake.

Kukirimu. Mwaka 2015 UNESCO iliiorodhesha kahawa ya Kiarabu kuwa urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, alama ya ukarimu. Katika adabu ya kahawa hiyo, mgeni hutikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Akikitikisa, usimlazimishe, mletee maji.